Taa Isiyomwona Aliyekaa

Ilikuwa mwaka wa mafuriko. Hapana, naongopa, mafuriko yalikuwa mwaka uliotangulia, maana mazulia ya hoteli tulikuwa tumeshayatupa. Basi ulikuwa mwaka uliofuata, kila kitu pale hotelini kilipopakwa rangi upya, na mimi nasukuma toroli la nguo chafu kama nilivyolisukuma tangu ujanani. Toroli lenyewe lilikuwa na gurudumu moja kaidi, lakini hayo tuyaache.

Nataka kumzungumzia shemeji yangu, mke wa marehemu kaka. Yeye alikuwa mshonaji wa hoteli. Chumba chake kilikuwa chini, nyuma ya madobi, hakina dirisha. Shuka likitoboka halikupelekwa kwenye cherehani, kwa sababu mshono wa cherehani mgeni huusikia mgongoni. Shemeji alilirudishia nyuzi kwa mkono, uzi juu, uzi chini, hata wewe uliyeliona tundu ungeapa halikuwapo. Kazi hiyo mtu hutulia tuli kama kinyago. Vidole tu ndivyo vinavyokwenda.

Wakaja kufunga taa zinazojiwasha. Waling'oa swichi, wakaziba ukuta kwa saruji, wakabandika darini kijidude cheupe cha kuhisi mwendo. Sisi tukakiita jicho. Ukiingia, taa inawaka. Jicho lisipoona kitu kikienda, linazima. Koridoni ilikuwa raha, sikatai, mimi mikono yangu imejaa kila mara. Lakini kwa shemeji! Anakaa, anavaa miwani, anatunga uzi: giza. Anapunga mkono, taa inawaka. Anashona kidogo: giza.

Madobi wakapata mchezo.

"Mama, leo tena unapungia ndege?"

"Nampungia mama yako, yumo ndani. Mwambie ashuke aje anishikie tochi."

Wakacheka, na yeye siku za mwanzo alicheka. Kisha giza likamkuta sindano imo katikati ya kitambaa, akajichoma, damu ikaingia kwenye shuka jeupe. Msimamizi wetu, ambaye viatu vyake viling'aa kuliko maneno yake, akamfokea kwa doa. Siku nyingine akapita, akakuta mlango wazi, ndani kiza, shemeji kitini. Akasema amelala kazini.

"Sijalala. Taa yako ndiyo iliyolala."

"Taa haina makosa, mama. Ukifanya kazi, inawaka. Ikizima, maana yake hufanyi. Nikikukuta tena gizani, funga vyako uende."

Nilikuwa nimesimama pale na toroli langu, damu ikanipanda mpaka masikioni. Mwanamke aliyelea watoto wa kaka yangu kwa sindano ile aambiwe hafanyi kazi, na shahidi awe balbu! Mimi si mtu wa ugomvi, lakini siku ile nilitafuta neno la kumwambia yule bwana, nikakosa linalosemeka mbele ya watu.

Shemeji akataka fundi wa taa aitwe. Fundi akaja, mtu mpole, hana neno. Akaingia, taa ikawaka. Akatoka, ikazima baada ya muda. Akaingia tena.

"Si unaona?" msimamizi akasema. "Nzima."

"Mwambie akae," shemeji akasema.

"Fundi hakuja kukaa."

"Akae kitini pangu, baba, ashike sindano. Kushona kukimshinda, ashike tu."

Fundi akajikuna kichwa. "Mimi, mama, niliambiwa hii ni stoo. Mtu anaingia, anachukua kitu, anatoka. Kwa stoo, taa hii haina kasoro."

"Umesikia? Haina kasoro," msimamizi akasema, wakaondoka wote wawili.

Shemeji alibaki akiutazama mlango. Kisha akabeba kiti chake, kikapu cha nyuzi, na shuka lililotoboka katikati kana kwamba limelaliwa na ng'ombe. Akapanda ngazi. Mimi nyuma yake, "Shemeji, shemeji, hasira hasara!"

Akanijibu bila kugeuka, "Basi niipate hasara yangu nikiwa naona."

Akaweka kiti katikati ya ukumbi wa mapokezi, chini ya ile taa kubwa ya vioo isiyozimwa mchana wala usiku. Akakunjua shuka magotini, akashona. Wageni wanaingia na mabegi yao, macho kwenye tundu.

"Ndiyo mashuka tunayolalia haya?" mama mmoja akauliza kwa sauti.

"Ndiyo haya haya," shemeji akasema. "Nikimaliza, tundu hutalijua."

Msimamizi akaja mbio, viatu vinateleza. Akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: mama twende tuzungumze, mama turudi chini, mbona jambo dogo hili. Shemeji hakuinua hata macho. Alishona mpaka tundu likafunga, akakata uzi kwa meno, akamtupia shuka kifuani.

"Haya, tafuta nilipolala."

Jioni ile alifukuzwa. Walisema ameiaibisha hoteli. Habari ya kulala kazini hakuna aliyeitaja tena. Chumba chake wakakijaza ndoo, mifagio na sabuni, na taa ikawa inafanya kazi vizuri sana. Mashuka yenye tundu wakawa wanayatandika hivyo hivyo, tundu upande wa miguu.

Nilimwuliza msimamizi, akajifanya anaitwa. Nilimwuliza mkubwa wake, akanitazama kama toroli limeongea. Nimestaafu, shemeji macho yamefifia, na bado sijajibiwa: nani alimwambia fundi kwamba mle ni stoo, na mtu amekaa humo ndani?