Mchezaji Aliyezimia Tu

Habari ilinifikia asubuhi moja wiki iliyopita nikiosha vyombo: Bi wa kanda za video amefariki hapa Lamu, usingizini, baada ya maradhi marefu. Nilisema inna lillahi, kisha nikashusha pumzi. Aliteseka vya kutosha, na Mola amemhurumia. Ninyi vijana hamtamjua. Zama zetu alikuwa na video sebuleni, na Ijumaa baada ya alasiri wanawake wa mtaa walijazana kwake. Filamu zilikuwa za Kiingereza, naye ndiye mkalimani. Alisimama kando ya televisheni akitafsiri kwa Kiamu, na chumvi akiongeza bila haya.

Siku moja aliweka filamu kongwe ya upelelezi, isiyo na rangi. Ilihusu timu ya wanawake ya mpira wa magongo, na mchezaji wao hodari akatiliwa sumu kwenye chupa ya maji kabla ya fainali. Msichana akaanguka uwanjani. Shangazi yangu, aliyenilea na ambaye neno lake nyumbani halikuwa na rufaa, akapiga paja. "Ndiyo mitezo hiyo? Basi wewe netiboli yako imekwisha yeo!" Alinipiga marufuku michezo siku ile ile, mbele ya kina mama wote. Kesho yake tulikuwa na mechi na wasichana wa kijiji cha Mbwajumali, na mfungaji ni mimi. Machozi yakanilenga. Bi akanitupia jicho mara moja, akaigeukia televisheni. "Hakufa, mezimia tu," akatangaza. Likatokea jeneza. "Hilo sanduku la kumpumzishia, daktari kaamuru." Polisi wakamtia muuaji pingu. "Wamshika kwa kumzimisha mwenziwe." Shangazi akanigeukia. "Kama mezimia tu, si neno. Nenda ukateze."

Nilicheza, na tangu hapo sikuacha. Hata safu hii ya michezo mnayoisoma niliifikia kupitia uwanja ule. Lakini miaka yote nilihofu shangazi asije akagundua kwamba alidanganywa. Juzi, tulipokuwa tukitoka kwenye hitima ya Bi, yeye mwenyewe akaitaja filamu ile. Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Mwanangu, mato nalikuwa nayo," akasema akijigusa macho. "Mtu hutiwa sandukuni akafukiwa, kisha awe mezimia? Nalishasema mbee za watu, na moyo wanisuta. Yule alinipa ndia ya kurudi."

Alhamdulillahi, mzigo ulinitoka palepale. Nimekuwa nikiwaza tunavyoishi siku hizi. Mtu akiteleza ulimi, tunamzingira kwenye makundi ya simu hadi akose pa kutokea, halafu tunashangaa mbona habadiliki. Neno likishasemwa hadharani, mwenyewe hulitetea hata akijua kakosa, kwa kuona haya tu. Ukitaka aliache, usimbane ukutani. Marehemu alimwachia shangazi njia hiyo, nami nikapita humo humo hadi uwanjani.