Jumapili Wanataka Nitangaze Kwamba Mdogo Wangu Alilishwa Sumu

Ninaomba ukurasa huu ulifunike jina langu, kwa maana Baraka ni mji mdogo wa kando ya ziwa na sauti yangu inajulikana. Ndugu wasomaji, ninawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mmoja, mwalimu wa sekondari, nina mke na watoto. Katika ukoo wetu mimi ndiye msemaji. Posa ikiletwa, ninajibu mimi. Mtu akifariki, ni mimi ninayesimama siku ya kufunga matanga na kuwasimulia waombolezaji jinsi ugonjwa ulivyoanza hadi ukammaliza. Jumapili hii nitasimama kwa ajili ya mdogo wangu wa tumbo moja, na sijui nitasema nini.

Mdogo wangu alikuwa akinunua ndagala, wale dagaa wa ziwani, ufukweni na kuzipeleka kuziuza Kilembwe, mbali na ziwa. Kwanza alitokwa na malengelenge yaliyomzunguka ubavu mmoja kama mshipi wa moto; mama akasema ni jicho baya la wafanyabiashara wenzake. Kikaja kifua kikuu; alitibiwa, akapona, tukachinja mbuzi. Ukafuata utando mweupe kinywani, hata ugali ukawa unamchoma. Mwishowe kichwa, maumivu yaliyomfanya alie kama mtoto. Kila ugonjwa tuliupa jina lake na dawa yake, wala hatukuuliza kwa nini yote yanamwandama mtu mmoja.

Daktari aliuliza. Alimpima, akatuita sisi wawili, akafunga mlango.

"Kifua tuliponyesha," alisema, "lakini virisi ya sida njo iko inafungulia ile magonjwa yote mulango. Dawa iko, ni ya bure. Ukikunywa kila siku, utaishi."

Sida, yaani Ukimwi. Tulipofika nje, mdogo wangu alinishika mkono. "Yaya, kaka yangu, uniapie. Mama asijue, Sifa asijue." Sifa ni mke wake. Niliapa, nikiamini atakunywa dawa. Hakurudi kuzichukua hata mara moja, kwa sababu Baraka nzima inaujua mlango ule wa hospitali wanapopanga foleni wanaokunywa dawa hizo.

Mama akampeleka kwa mganga wa karuho, ile sumu ya polepole ambayo huku kwetu hutajwa kila mtu anapokonda na kufa. Akatapishwa hadi nguvu zikamwisha. Mganga aliuliza huwa anakula wapi. Wakamtaja mama mmoja mkimbizi wa kambi ya Lusenda aliyemuuzia chakula ufukweni. Vijana wa ukoo wakavunja masufuria yake, naye akakimbia na watoto wake. Nilipojaribu kuwazuia kabla hawajatoka nyumbani, baba mdogo alinidhihaki mbele ya wote: "Mwalimu, weye na français yako! Docteur iko na dawa ya karuho? Atuonyeshe basi!" Watu wakacheka. Mdogo wangu alikuwa kwenye mkeka, ananitazama.

Sasa tumemzika. Sifa ni mjamzito, na ameanza kukohoa. Juzi nilikivunja kiapo. Nilimkuta ziwani akifua, nikamweleza yote: kwamba akipimwa na kuanza dawa anaweza kuishi, na mtoto anaweza kuzaliwa mzima. Hakulia. Aliendelea kukamua kitenge.

"Shemeji, mi nilishaka kuwaza ile zamani," alisema. "Lakini usikie. Kama ni karuho iliua bwana yangu, mi niko mujane, bananihurumia, nabakia mu nyumba na batoto. Kama ni sida, batasema mi njo nilimuua. Mama mukwe atanifukuza na hii tumbo."

"Ukuje kwangu," nilimwambia.

"Kwako?" Akacheka kidogo. "Bibi yako atakubali nikunywe mu kikombe yake?"

Nilimfikiria mke wangu, ambaye tangu matanga yaanze anamtengea Sifa sahani ya peke yake.

"Unaona," akasema. "Mama anasema hii kikohozi yangu ni karuho; alisha kupanga, matanga ikiisha tunaenda kwa ule munganga wa karuho. Nitatapika sawa vile bwana yangu alitapika."

Jana mama aliniita. "Mwanangu, siku ya Mungu utaje jina ya ule mama wa ku camp, bantu bote basikie. Useme vizuri. Weye njo unajua kusema."

Nikitangaza karuho, ninampeleka Sifa akatapishwe na mimba yake, na yule mama wa Lusenda hatakanyaga tena ufukwe huu kwa usalama. Nikitangaza sida, Sifa atatolewa nje kabla viti havijakusanywa, na aibu itamzuia kuufikia mlango ule kama ilivyomzuia mumewe. Nikinyamaza, baba mdogo atasimama mahali pangu, na yeye hana shaka lolote.

Maisha yangu yote hotuba hazijawahi kunishinda. Hii nimeianza mara nyingi na haivuki maneno ya mwanzo: "Ndugu waombolezaji, mdogo wangu alianza kuugua..." Ninyi mnaonisoma, msionifahamu wala kumwogopa mama yangu, nishaurini: baada ya maneno hayo, niseme nini?