Titye kwenye risiti ya Kitahana

Jumanne, wiki ya pili ya Novemba. Manyunyu tangu alfajiri. Hapa Kibondo njia yote ni utelezi.

Jana nililetewa barua ya wakili kutoka Kasulu. Inasema nimenakili programu ya bosi wangu wa zamani bila ruhusa, niiondoe na nijieleze kwa maandishi ndani ya siku saba, la sivyo mahakamani. Mimi niliishia kidato cha pili, labda mengine nimeyaelewa vibaya, lakini hilo la mahakamani nimelielewa.

Ukweli ni huu. Bosi alinifundisha kompyuta kuanzia kuiwasha. Kazini kwake Kasulu, anakonunua asali, nilitengeneza programu ya kuipokea: ndoo inapimwa, risiti inatoka. Nilipoacha kazi nikarudi nayo Kibondo kwenye flashi. Kikundi cha wafuga nyuki cha Kitahana, huku huku Kibondo, kilipoomba programu, nikabadili rangi na jina, nikawaambia nimeitengeneza mwenyewe. Sikudanganya kabisa, maana niliiandika kwa vidole vyangu. Lakini kweli sikusema. Na orodha ya vijiji vya bosi nikasahau kuifuta. Karani asipochagua kijiji, risiti inajiandika Titye, na Titye iko Kasulu. Risiti moja ilisafiri na ndoo ya asali ya Kitahana iliyouzwa kwa bosi.

Asubuhi nilikwenda kwa mama anayesaidia watu mambo ya sheria. Alicheka kwanza.

"Mwanangu, mwizi gani anaiba mbuzi na kengele yake?"

"Lakini mama, niliiandika mimi."

"Ukiwa unakula mshahara wake. Mkataba ulisema ni yako?"

"Haukusema."

"Basi sheria inamtazama mwajiri."

Nikamuuliza kama kuna kufungwa. Akaacha kucheka.

"Inaweza kuwa madai, inaweza kuwa jinai. Sitakudanganya. Usiandike kitu mpaka tupate wakili."

Nilitoka. Nikampigia bosi, nikamsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, bosi."

"Mwakeye. Barua umeipata?"

"Nimeipata. Nisamehe."

"Ungeniomba, tungeelewana. Sasa nikimuuzia mtu programu hii ataniambia Kitahana wanayo bure. Niandikie ulichochukua, na kisicho changu pia. Nikishasoma ndipo nitaamua kama naendelea na wakili."

Sikuona kosa katika ombi lake. Na yule mama naye hakukosea. Nimekaa na karatasi mchana mzima. Nimeandika kwamba fomu, hesabu za uzito na risiti ni zake. Sehemu ya kumtumia mfugaji ujumbe kwenye simu niliiandika hapa Kibondo, nimeacha kazi tayari, hiyo ni yangu. Niliogopa kuidai, nikaogopa na kuiacha, kwa sababu kuiacha nako kungekuwa uongo. Mwisho nikaandika kwamba kesho nakwenda Kitahana kuiondoa programu, na kuwaambia kwa nini.

Mke wangu aliisoma akiwa amesimama.

"Hapa unajifunga kamba mwenyewe."

"Labda."

"Labda nini? Na watoto?"

Nikachukua kalamu. Nikasaini, nikaipiga picha, nikamtumia bosi. Nimeona kwamba ameisoma. Hajajibu.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Watoto wameongezewa mara mbili. Mimi nimekula matonge mawili, simu ikiwa kando ya sahani.