Mti wa Shuka

Dada yangu hakuwa mkono wa birika, na hilo ndilo lililotuponza. Kila aliyenunua mche kwake aliondoka na nyongeza. Ukinunua mawaridi kumi, nyongeza. Ukinunua mlimau mmoja baada ya kumsumbua saa nzima, nyongeza vilevile. Na nyongeza yenyewe kwa miaka kumi na tisa ilikuwa ileile: kijiti cha mmea mmoja unaotambaa, wenye maua ya zambarau, ulioletwa na wauza maua kutoka nchi za mbali. Haukutaka mbolea wala kubembelezwa. Unakichomeka kijiti popote, baada ya wiki mbili kimeshika. Nyua za mtaa mzima zikawa zambarau, watu wakamsifu, naye akawajibu kwa haya kwamba ah, mmea wenyewe hauna kazi.

Kitalu chake kiko mbele ya nyumba yetu, kando ya barabara, na cherehani yangu iko barazani, kwa hiyo hakuna kilichonipita. Kila asubuhi, kabla ya chai, alichuchumaa kati ya mistari ya viriba, ile mifuko ya miche, na kisu kilichokatika mpini, akang'oa kila jani ambalo hakulipanda yeye. Udongo wake ulitoka bondeni kwa mkokoteni, na udongo wa bondeni huja na mbegu zake. Dada hakuwa na huruma na magugu hata chembe. Mteja akiona jani geni ndani ya kiriba, alisema, atadhani muuzaji amelala. Nikimwambia anajitafutia maumivu ya mgongo bure, ananiambia nishone.

Sasa niwaambie habari ya mti wa shuka. Mama yetu alifariki mimi nikiwa na mwaka mmoja. Dada alikuwa na miaka kumi na miwili, na ndiye aliyenibeba, akanilisha na kunichapa. Picha ya mama hatuna hata moja. Nyumba tuliyozaliwa iliuzwa, ikavunjwa. Kilichobaki cha mama ni harufu aliyonayo dada kichwani: nyuma ya nyumba ile palikuwa na mti mfupi wa maua meupe, na mama aliyachuma jua likishuka, akayatandaza katikati ya shuka alizokwisha kuzikunja. Shuka zikanukia, mama akanukia, hata mimi mgongoni kwake, dada anasema, nilinukia hivyohivyo.

"Siku nikiupata ule mti nitakunusisha," alikuwa akiniambia.

Maneno hayo yalinikera, na leo naweza kusema kwa nini. Nilikuwa na wivu. Yeye alikaa na mama miaka kumi na miwili, mimi sina hata harufu. Basi nikamjibu ovyo, kwamba nina miaka hamsini na mbili na sihitaji kunusishwa na mtu. Halafu nikibaki peke yangu na shuka za wateja, nakunja pindo, najikuta nimeipeleka moja puani. Zilinuka duka.

Kila mteja aliulizwa habari za mti wa shuka. Tatizo ni kwamba hilo lilikuwa jina la nyumbani kwetu tu, na jingine dada hakulijua. Fundi bomba, kwa nia njema kabisa, alimletea tawi la mti wa mbao, akaeleza kuwa ndio hutengenezewa vitanda, na shuka hukaa wapi kama si kitandani? Tulicheka siku tatu. Ya nne dada hakucheka, alikaa tu anamwagilia.

Asubuhi moja akaja mama mmoja mstaafu wa idara ya misitu. Alikuwa amemaliza kujenga na alitaka mimea ya kupanda uani, lakini alipita mistari yote akitikisa kichwa. Huu wa kigeni, na huu wa kigeni. Alitaka mimea ya asili, alisema, ile ambayo nyuki na ndege wa hapa wanaijua. Nikajisemea moyoni, haya, maringo yamefika. Dada wala hakuinuka, alikuwa anang'oa magugu yake. Yule mama akainama, akaokota kimche kimoja chenye majani ya meno meno, akauliza kwa nini kinatupwa kilicho bora kuliko vyote alivyoviona pale. Ukiwa mchanga, akaeleza, mti huu una majani ya msumeno. Ukikua yanakuwa laini kabisa, usingedhani ni mti mmoja. Maua yake ni meupe, hunukia jua likishuka. Bibi yake alikuwa akiyaweka kwenye nguo.

Dada akakaa chini, kwenye tope, na gauni lake. Mimi nikasimamisha cherehani.

"Nimeing'oa mingapi?" akaniuliza.

Nikashuka barazani, nikamwinua.

Kile kimche kilikuwa kimekatika mzizi. Alikipanda, akakitilia kivuli, siku ya nne kikakauka. Akapekua viriba vyote asipate kingine. Zamani vilikuwa vinaota karibu kila kiriba, akakumbuka, miaka ya karibuni ni kimoja kimoja. Tukashuka bondeni sisi wawili na yule mama wa misitu, tukaone. Jamani, bonde zima lilikuwa zambarau. Watu walipunguza nyua zao, wakatupa matawi huko, na kila tawi likashika. Chini yake hapakuwa na jani jingine. Yule mama hakumlaumu mtu. Alieleza tu kwamba huko unakotoka mmea ule una wadudu wanaoutafuna na baridi ya kuurudisha nyuma, lakini hapa hauna adui.

"Sasa unaye," dada akasema.

Akapiga moyo konde, akaenda nyumba kwa nyumba kuomba nyongeza zake zing'olewe, naye atawapa mche wa asili bure. Kinyozi alimkumbusha kwamba alimpa kwa mkono wake mwenyewe na kumhakikishia hauna kazi. Jirani wa nyuma alikataa katakata, kwa kuwa uzio ule unamfichia kamba ya nguo. Wengi walisema watafikiria, na walivyosema ukajua hawatafikiria. Alasiri alishuka bondeni na jembe na panga. Mizizi lazima itoke yote, na matawi yaanikwe juu ya mawe mpaka yakauke kabisa. Nilimwambia amepata wazimu, na magoti yake yale. Wiki ya tatu nilifunga cherehani nikamfuata, nikinung'unika njia nzima ili asijue kwamba mti ule niliutaka pengine kumshinda yeye.

Mvua zilipoanza, pale tulipopasafisha pakaota mengi tusiyoyajua, na katikati yake vimche tisa vya meno. Dada alivihesabu kwa kidole bila kuvigusa. Sita tuliviacha palepale. Vitatu alivihamisha na donge zima la udongo: kimoja kwa mama wa misitu, kimoja kitaluni, kimoja chini ya dirisha langu.

Mwaka wa kwanza, meno matupu. Mwaka wa pili majani ya juu yakaanza kuwa laini, na kila asubuhi dada alikuja kuyapapasa kabla hajanisalimia. Magoti yalikuwa yamemkatalia kuchuchumaa, kwa hiyo kupalilia kukawa kazi yangu, nami nikawa siwezi kung'oa kitu bila kumwita aje akitazame. Mwaka wa tatu, alasiri, nilikuwa nakata kitambaa aliponiita. Nilimkuta chini ya dirisha, amefumba kiganja, machozi yanamtoka wala hayafuti.

"Njoo unuse," akasema.

Niliogopa. Mtu mzima nina wajukuu, naogopa ua. Akafungua kiganja, mlikuwa na maua matatu madogo. Nikainama. Ilikuwa harufu tamu, na nyuma yake uchungu kidogo, wa jani lililovunjwa. Dada alinikodolea macho akingoja. Nilitaka kumdanganya, Mungu anajua nilitaka, mdomo ukakataa.

"Simkumbuki, dada. Nimejaribu. Simkumbuki."

"Ungemkumbuka vipi, ulikuwa mdogo mno," akasema. "Mimi nilitaka mjuane tu."

Akasogeza kiganja karibu zaidi. Nikafumba macho.

"Shikamoo, mama," nikasema.