Njia ya Ngamia Chini ya Feni za Kinna

Niliondoka Isiolo kwa sababu ya picha moja. Binamu yangu, ambaye huendesha lori la mifugo, aliipiga akiwa safarini: mgongo wa kilima karibu na Kinna, na juu yake minara mitano myeupe, kila mmoja una mabawa matatu. Watu wa kule wanaiita feni. Wageni wanatoka Nairobi kuja kuitazama. Mimi niliacha shule darasa la sita, na tangu wakati huo sijaweza kusikia jambo geni nikatulia nyumbani. Nilitaka kujua kitu kimoja: ni upepo unaozungusha feni, au ni feni zinazoleta upepo? Pale stendi kila mtu alikuwa na jibu lake, na hakuna aliyekuwa amefika.

"Farah, wewe ukiambiwa shimo ni refu utaingia kulipima," dada yangu Amina alisema. Hata hivyo akanifungia mahamri.

Saa kumi na mbili asubuhi lori liliondoka tupu kwenda kuchukua mbuzi Garbatulla. Binamu aliniteremsha njia panda, na pikipiki ikanifikisha Kinna wakati wa adhuhuri. Feni niliziona tukiwa bado mbali. Zilizunguka polepole, kama mtu anayepunga mkono bila haraka, nikajiambia si kitu. Kisha tai mmoja akapita mbele ya bawa. Nilimjua ni tai kwa jinsi alivyoruka, lakini kwenye bawa lile alionekana kama nzi.

Kinna nilipokewa na Galgalo, rafiki wa binamu yangu, mfugaji wa ngamia, pamoja na mkewe Hawo. Walikuwa wamewaleta ngamia kunywa maji, na siku ya pili wangewarudisha bomani kwao, ng'ambo ya kilima. Njia yao inapita chini kabisa ya feni.

"Wageni wanaingia kwa lango la barabarani," Galgalo alisema huku akinimiminia chai ya maziwa. "Wewe ukitaka, pita na sisi. Lakini lazima tuvuke korongo mapema."

"Kwa nini mapema?"

"Kivuli," Hawo alijibu. "Jioni kinalala kwa njia. Ngamia hawakanyagi kitu kinachokatakata ardhi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, tuliondoka na ngamia kumi na wanne. Galgalo alibeba mabegani ndama wa siku tatu, miguu yake mirefu ikining'inia kifuani. Mama yake, ngamia mweupe aliyeitwa Adi, alimfuata nyuma akinusa mgongo wa Galgalo kila hatua. Hawo aliniambia huyo ndiye ngamia wake mwenyewe, aliyepewa na baba yake siku ya harusi. Wengine wote walikuwa wamekauka maziwa kwa kiangazi. Watoto watatu wa Hawo walikuwa bomani wakisubiri maziwa ya Adi.

Saa saba na nusu tulifika juu. Karibu na mnara nilisikia sauti ambayo sitaisahau: hewa ikipasuliwa, kimya kidogo, ikipasuliwa tena. Niliinua macho. Mawingu yalikuwa yakikimbia nyuma ya mnara, na ghafla nikaona mnara wenyewe unaniangukia. Niliketi chini nikashika nyasi. Galgalo alinipita na ndama wake akasema, "Inuka, ndugu. Haianguki. Sisi wote tulikaa hapo siku ya kwanza."

Korongo liko upande wa mashariki, chini ya mnara wa mwisho. Njia yake ni nyembamba, mwamba upande mmoja na mtelemko upande wa pili, kwa hiyo ngamia huvushwa watatu watatu. Galgalo alitangulia na ndama. Adi angekuwa wa mwisho. Kabla ya kwenda kuwavusha wengine, Hawo aliniwekea kamba ya Adi mkononi.

"Kazi yako ni ndogo," alisema. "Ukisikia nimeita, mwachilie. Atasikia ndama, atakuja mwenyewe."

Nilisimama na kamba kama robo saa. Kisha askari wa mnara akatoka kibandani kwake, Mmeru mmoja aliyevaa sweta kwenye jua lile, akanisalimia. Anaitwa Mwenda. Nilimuuliza swali langu.

"Feni ya nyumba inakula stima, inatoa upepo," alisema. "Hii inakula upepo, inatoa stima. Imegeuzwa tu."

Sikuwahi kupata jibu zuri kama hilo. Nilifunga kamba kwenye kichaka nikamfuata upande wa pili wa mnara. Aliniruhusu nikaweka sikio kwenye chuma, nikasikia mngurumo wa ndani. Alinionyesha mlango mdogo, na ngazi inayopanda gizani mpaka jicho linachoka. Niliuliza bawa lililetwaje kwenye barabara ile, nani hupanda kulitengeneza, radi ikipiga inakuwaje. Yeye naye alikuwa na hamu ya mtu wa kuongea naye.

Niliposhtuka, Hawo alikuwa amesimama nyuma yangu akihema.

"Nimeita mpaka koo imekauka," alisema.

Sauti ya mabawa ilikuwa imemeza sauti yake. Tulikimbia kichakani. Saa kumi ilikuwa imepita. Chini, kwenye njia, kivuli cha feni kilikuwa kimelala kuvuka korongo lote. Bawa moja likapita juu ya mawe, jua likarudi, bawa lingine likapita. Ng'ambo, ndama alikuwa akilia. Nilipoifungua kamba, Adi aliivuta mpaka ukingo wa kivuli, akatetemeka, akarudi nyuma.

Nilimwomba Mwenda azime mtambo.

"Mimi nafungua lango na kufunga," alisema. "Ya kuzima iko kwa kompyuta, mbali huko." Lakini alipiga simu. Wakamwambia asubiri.

"Tungoje jua lizame," nikasema. "Kivuli kitaisha."

"Jua ikizama, hii korongo ni ya simba," Hawo alisema. "Wanatoka mbugani kwa njia hii hii. Na huyo ndama hajanyonya tangu asubuhi." Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Alivua leso yake ya mabegani akamfunga Adi macho. Yeye angetembea shavuni mwake akiishika leso isianguke na kumwimbia wimbo wa kukamua. Mimi ningetangulia na kamba, kwa sababu njia haiwatoshi watu wawili mbele.

Tukaingia. Kivuli cha kwanza kilipopita juu yangu, nilihisi baridi usoni, kisha joto. Nilijua ni kivuli tu. Hata hivyo shingo yangu iliinama yenyewe, kama mtu anayekwepa panga. Adi akaruka. Mguu wake wa nyuma ulitoka njiani, mawe yakaporomoka mtelemkoni, na Hawo akaning'inia shingoni mwake mpaka aliposimama.

"Yeye haoni kitu," Hawo alisema taratibu. "Anasikia mkono wako tu. Ukiogopa, anaogopa."

"Siwezi kuacha kuogopa."

"Basi ongea. Wewe si una maswali mengi? Niulize mimi."

Niliuliza Adi ana miaka mingapi. Kumi na moja, akajibu, kisha akaendelea kuimba. Nikapiga hatua. Bawa likapita. Niliuliza ndama ataitwa nani. "Hajapewa jina. Akifika ng'ambo atapewa." Niliuliza kwa nini maziwa ya ngamia hayagandi upesi kama ya ng'ombe, na yeye je, aliogopa siku ya kwanza alipoziona feni. "Bado naogopa," alisema. "Hatua kubwa hapo, kuna jiwe." Niliuliza na kuuliza, mengine ya kipumbavu, na macho yangu sikuyatoa kwa Galgalo na ndama wake mbele. Vivuli viliendelea kunipita usoni. Mwili wangu wote ulitaka kulala chini, lakini mkono ulikuwa ukifuata mdomo, na kamba ililegea.

Tulipotoka upande wa pili, Hawo aliivuta leso. Ndama aliingia chini ya mama yake kabla hatujasema neno. Galgalo alinitazama. Nilingoja anitukane.

"Huyu mtu wako ameuliza mpaka ngamia amechoka kusikia," alimwambia mkewe.

Hawo alikuwa ameketi kwenye jiwe, akiikung'uta vumbi leso yake.

Tulifika bomani jua likiwa jekundu, watoto wakatoka mbio na vibuyu. Hawo alikamua chuchu mbili, mbili akamwachia ndama.

Siku mbili baadaye nilirudi nikifuata njia ile ile, adhuhuri, wakati kivuli kimejikunja miguuni mwa mnara. Nilivuka haraka bila kuangalia juu. Mwenda alinipungia mkono akaniita nije nione kitu, nami nikamwambia siku nyingine. Sidhani nimewahi kusema maneno hayo tangu nizaliwe.

Isiolo wameniuliza picha, na sina hata moja. Nawaambia waende wakaone, maana ni kazi kubwa ya mikono ya watu, na Mwenda atawaeleza vizuri kuliko mimi. Wapitie lango la barabarani. Na anayetaka njia ya ngamia, avuke kabla ya saa tisa, na akipewa kamba ya mtu aishike mwenyewe.