Bwana Brashi na Ute wa Tangi la Tatu

Kiwandani walimwita Bwana Brashi, naye jina hilo akalivaa kama cheo. Kwa miaka kumi na tisa alisimamia usafi katika kiwanda cha betri za magari, na imani yake ilikuwa moja tu: kitu kikiteleza, ni kichafu. Nyumbani mkewe alishakata tamaa ya kupika bamia.

Ndiyo maana tangi la tatu lilimkosesha raha. Maji taka ya kiwanda yalipita humo kabla ya kwenda mtoni, na mpimaji wa maji, dada mmoja mpole aliyepewa chumba kidogo nyuma ya stoo, alikuwa amefuga bakteria humo. Ndiyo, amewafuga, kama kuku. Aliwalisha molasi, nao wakatoa ute wa rangi ya kamasi uliotanda kwenye kuta zote. Alimweleza Bwana Brashi mara tatu kwamba ute ule hunasa madini ya risasi yaliyoyeyuka majini, kama ulimbo unavyonasa ndege, ili sumu isifike mtoni. Bwana Brashi aliitikia kwa kichwa, kisha akaagiza brashi mpya.

Wakaguzi walipotangaza ziara, meneja, ambaye maji taka aliyajua kwa kuyasoma, alimvisha Bwana Brashi kilemba cha ukoka. Alimwambia hakuna mwenye mkono kama wake, na kwamba anataka kila tangi ling'ae. Mgema akasifiwa. Jumamosi nzima alimwaga klorini, akakwangua, akasuuza, mpaka zege likawa jeupe kama meno ya mtoto.

Jumatatu wakaguzi walilisifu tangi, wakachota maji yake, wakaenda zao. Alhamisi walirudi na majibu: risasi ilikuwa mara saba ya kiwango.

Kikaoni, mbele yao, meneja alisema mpimaji amezembea. Alisema kwa ufasaha, na kwa huzuni pia. Dada wa watu aliinamisha kichwa. Bwana Brashi alitazama mikono yake iliyochubuka kwa klorini. Alikuwa na watoto watatu shuleni, na hamu ndogo sana ya kuwa shujaa.

"Dada hakuzembea," alisema hatimaye. "Nilisugua mimi. Na aliyenituma ni wewe, bosi."

Meneja alijibu kwamba yeye aliagiza usafi, si uharibifu. Wakaguzi waliandika yote mawili, wakafunga kiwanda wiki sita mpaka ute uote tena.

Bwana Brashi alivuliwa usimamizi, akapewa adhabu: kulisha bakteria, chini ya mpimaji. Sasa hupima molasi kwa uangalifu wa mama mwenye kichanga, huvaa glavu kuutoa ute ulioshiba sumu na kuufungia kwenye mapipa, na hugombana na yeyote anayetema mate karibu na tangi. Meneja alipandishwa cheo. Siku hizi husafiri kuhutubia watu kuhusu "ute wetu", na mpaka leo hajui uko tangi la ngapi.