Picha ya Ivyne Iliyoletwa Mapema

Virginia Waringa hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara moja akalimeza. Mulwa, fundi cherehani aliyegawana naye kibanda kwenye ghorofa ya pili ya jengo moja nyuma ya River Road, alizoea kumtania kwamba alikosea kazi, angekuwa polisi. Virginia hakukasirika. Kazi yake ilikuwa kuchapa fulana na picha za kumbukumbu za marehemu, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kushuku.

Aliwahi kuletewa picha ya mpiga kinanda wa bendi moja ya hotelini. Aliyeileta alilia vizuri, akasema ni mjomba wake. Virginia akachapa fulana thelathini. Jumatatu iliyofuata, marehemu mwenyewe alipanda zile ngazi akihema, fulana moja mkononi, akauliza ni nani aliyemzika. Tangu siku hiyo, mtu akimletea picha ya msiba, Virginia humwomba kibali cha mazishi kwanza. Wengine walimwona hana utu. Yeye alisema tu, "Pole sana. Sasa karatasi iko wapi?"

Mwaka huo karatasi zilikuwa nyingi. Kwanza alikufa mchekeshaji wa redio, yule ambaye nusu ya mji ilikuwa ikinywa chai ya asubuhi ikimsikiliza. Kabla ya mwezi kwisha akafuata mpiga gitaa wa benga. Mashabiki walijaa kibandani wakiwa na picha kwenye simu, macho mekundu, na kila mmoja alikuja na habari yake: aliwekewa kitu kwenye kinywaji, meneja wake anajua, mke alionekana akicheka. Virginia alisikiliza zote huku akipasha moto mashine. Jioni akifika kwake Mountain View aliziongezea za kwake, akamweleza mumewe, Jamleck, ambaye kwa kawaida alikuwa amesinzia.

Msanii mmoja tu ndiye ambaye Virginia hakumshuku kwa lolote. Huyo alikuwa Ivyne Lusweti.

Kabla ya kununua mashine yake ya kwanza, Virginia alifanya kazi za nyumbani Parklands kwa miaka kumi na mmoja. Ivyne alikuwa na wimbo juu ya mwanamke anayepiga pasi nguo za watu waendao karamuni, huku akihesabu siku zilizobaki afike Jumapili yake ya mapumziko. Virginia aliusikia mara ya kwanza pasi ikiwa mkononi. Alisimama hapohapo mpaka shati la mwajiri likaungua kola. Alikemewa wiki nzima, na wiki nzima alikuwa akiuimba moyoni. Baadaye alijiunga na kundi la mashabiki kwenye simu, lililoitwa Familia ya Ivyne, na humo hakuna aliyethubutu kumsema Ivyne vibaya mbele ya Mama Kuria, kama walivyomwita kwa jina la mwanawe.

Basi Alhamisi moja, saa nne asubuhi, mwanamke aliyevaa barakoa na kofia iliyoshuka hadi kwenye nyusi aliingia kibandani. Alikuwa na picha kwenye simu. Virginia akaiangalia, kisha akaiangalia tena. Alikuwa Ivyne, ameketi kwenye stuli ya jikoni, bila vipodozi, anacheka.

"Nataka kubwa, ya fremu," mwanamke alisema. "Hapo chini andika jina lake, tarehe ya kuzaliwa, halafu weka kistari."

"Na baada ya kistari?"

"Acha nafasi."

"Ni ya nini, dada?"

Yule mwanamke akaishusha kofia zaidi. "Ya bathdei."

Virginia alikuwa ameandika vistari vya watu wengi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukata keki baada ya hapo. "Kuna karatasi yoyote?" akauliza.

"Mum, tafadhali usiniulize. Niletee saa saba, niko hapa." Akaandika jina la jengo la Parklands na nambari ya nyumba. Alipofika mlangoni aligeuka. "Na usionyeshe mtu."

Akashuka ngazi mbiombio. Virginia akawasha redio, akapitia stesheni nne. Hakuna. Akaingia mtandaoni. Ivyne alikuwa amepangiwa kuimba Westlands Jumamosi, na tangazo la shoo lilikuwa palepale, rangi zake zikimetameta.

"Mulwa, umeona huyo mtu? Amefunika uso. Analeta picha ya mtu aliye hai na kuiwekea kistari."

"Labda si hai."

"Angekuwa amekufa tungejua. Huyu ama anataka kumzulia kifo, ama anajua kitu ambacho hakijatokea." Alikuwa tayari ameinua simu, anapiga picha kioo cha kompyuta.

Mulwa akainua mguu kutoka kwenye kanyagio la cherehani. "Amekuambia usionyeshe mtu."

"Ndiyo maana naonyesha."

Akaituma kwenye Familia ya Ivyne, na chini yake akaandika: *Nimeletewa hii sasa hivi na mtu aliyejificha uso. Kuna anayejua nini?*

Majibu yalimiminika kama mvua kwenye mabati. Mmoja alisema ni kiki tu, Ivyne anatafuta kuzungumziwa kabla ya shoo. Mwingine akasema kuna watu wanampangia ubaya. Obuya, mwenyekiti wa kundi, mwalimu wa shule ya msingi huko Kangemi, aliomba watu watulie kwanza. Hakuna aliyetulia. Virginia naye akaichapa ile picha kwa uangalifu kuliko zote alizowahi kuchapa, akaitia kwenye fremu, akaifunga kwa gazeti. Angeipeleka yeye mwenyewe. Alitaka kuona ni nini kilichofichwa huko.

Alichokiona kilimzidishia wasiwasi. Askari wa lango alikuwa na orodha ya majina, akampigia mtu simu kabla ya kumruhusu. Kwenye ghorofa ya nne mlango ulifunguliwa nusu. Ndani, wanawake sita walikuwa sakafuni wakimenya viazi vya kulisha watu wengi, na hakuna aliyesema neno. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa ukutani. Karibu na mlango palikuwa na karai, na ndani ya karai kulikuwa na simu, zimelaliana kama samaki.

"Weka yako hapo, mum," mmoja wa wanawake akamwambia.

"Kwa nini niweke simu yangu?" Virginia aliushika mkoba kwa mikono miwili. "Ivyne yuko wapi? Sitoi hii picha mpaka nimwone kwa macho yangu."

Visu vikasimama. Yule mwanamke wa asubuhi akatoka chumbani, sasa bila barakoa, na Virginia akaona uso wa Ivyne kwenye uso wa mtu mwingine: paji lilelile, mwanya uleule. Akamshika mkono, akamwingiza jikoni, akafunga mlango.

"Mimi ni Namalwa. Ivyne ni dadangu," akasema. "Ametuacha leo alfajiri. Amekuwa mgonjwa tangu mwaka jana, hakutaka watu wajue. Alikuwa akisema ataimba Jumamosi, na sisi tukamwacha aseme."

Virginia akaushusha mkoba wake.

"Mama yetu yuko kwenye basi kutoka Bungoma. Ana presha. Tumemwambia tu dadangu amelazwa. Atafika saa kumi, nimkalishe chini, nimwambie mwenyewe. Basi lina redio, mum. Ndiyo maana tumekusanya simu, ndiyo maana nilikudanganya. Sikuweza hata kuitamka hiyo tarehe nyingine." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ni yeye aliyesema tukija kufanya picha, tuje kwako. Aliona ile ya mpiga gitaa, akasema huyo mama hapaki watu rangi, anawaacha walivyo."

Ndani ya mkoba simu ya Virginia ilikuwa ikitetemeka bila kupumzika. Aliitoa. Kwenye kundi ujumbe ulikuwa umepita mia tatu. Picha yake ilikuwa imetoka nje, ikachukuliwa na ukurasa wa udaku, na mtu wa hospitali aliyeulizwa hakukana. Redio ilikuwa imesoma kwenye taarifa ya saa saba.

Kabla hajainua macho, karai lililia. Simu moja, kisha mbili, kisha zote pamoja. Namalwa akatoka mbio, akaikamata yake. Sauti iliyotoka humo ilifika hadi jikoni.

"Namalwa, tumetoka Nakuru sasa hivi. Dereva alikuwa na redio. Wanasema Ivyne wangu ameenda. Niambie wanadanganya."

Wanawake wakaacha viazi, mmoja akaanza kulia kwa sauti, na huko kwenye simu mama akasikia kilio, akapata jibu lake.

Virginia angeweza kuteremka ngazi kimyakimya. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari umevuka kizingiti. Lakini alirudi.

"Ni mimi," akasema. "Niliituma kwenye kundi. Nilidhani unamtakia mabaya."

Namalwa alimtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Uliona barakoa, ukaona uchawi. Toka, mum. Tafadhali toka."

Virginia aliilaza picha juu ya kochi, akatoka.

Ijumaa hakufungua kibanda. Alikaa Mountain View na simu mkononi, akiwasoma watu aliowajua kwa miaka sita wakigeuka kitu kingine. Ile picha aliyoipiga ilikuwa sasa imezungushiwa duara jekundu kwenye saa ya kompyuta: saa nne na dakika kumi na mbili. *Mbona picha ya msiba iliandaliwa saa nne na kifo kikajulikana saa saba? Aliyeiagiza alijua vipi? Kwa nini familia ilificha?* Kufikia jioni jina la Namalwa lilikuwa limepatikana. Kufikia usiku alikuwa amemwekea dadake sumu, na walioapa hivyo hawakuwa wachache. Virginia alitambua kila neno. Lingekuwa lake, kama hangeingia jikoni mle.

"Si uandike ukweli?" Jamleck akamwambia, na safari hii hakuwa na usingizi.

Aliandika. Ujumbe wake ukazama chini ya mia nyingine.

Jumamosi mchana mashabiki walikusanyika Westlands, kwenye uwanja wa kuegesha magari nyuma ya ukumbi ambako Ivyne angeimba. Walikuwa mamia. Walileta maua na mishumaa ambayo upepo uliizima kila ilipowashwa. Wengi walilia kwa dhati, wanawake wazima waliovaa sare za kazi, madereva wa teksi walioacha magari yao yamewashwa taa. Obuya alikuwa na maikrofoni. Alianza vizuri, akieleza jinsi Ivyne alivyokuja shuleni kwake kuimba bila kuombwa mara ya pili. Kisha mtu nyuma akapaza sauti, "Tunataka majibu!" na wengine wakaitikia. Mwingine akasema nyumba inajulikana, iko Parklands hapo tu, ni mwendo wa miguu. Umati ukaanza kujipinda kuelekea barabarani.

Virginia alipenya kwa viwiko mpaka mbele, akamnyang'anya Obuya maikrofoni.

"Mimi ndiye nilituma hiyo picha!" akapaza sauti. "Mama Kuria. Wengi mnanijua."

Wakageuka.

"Yule dada alikuja kwangu asubuhi kwa sababu dadake alikuwa ameshakufa alfajiri. Alificha kwa sababu mama yao alikuwa kwenye basi, na hakutaka mzazi asikie kifo cha mtoto wake kutoka kwa redio. Niliambiwa nisionyeshe mtu. Nikaonyesha. Mama akasikia kwa redio. Mkitaka mtu wa kumwendea, nimesimama hapa."

"Umetumwa!" sauti ikasema.

"Familia imekupa nini?" nyingine ikauliza.

Alitaka kujibu kwamba hata yeye, mahali pao, asingeyaamini maneno hayo. Alisema tu, "Kuna mama mgonjwa kwenye hiyo nyumba. Mkienda na hizi kelele, mtamfanyia nilichomfanyia mimi, mara ya pili."

Pakawa na mnong'ono mrefu. Kikundi kidogo kiliondoka kikilaani, kikidai kimesalitiwa. Lakini walio wengi walibaki wamesimama, hawajui wafanye nini na hasira zao, mpaka Obuya akachukua tena maikrofoni na kusema, kwa sauti ya mwalimu, "Hatuendi popote. Tuimbe." Wakauimba ule wimbo wa pasi. Virginia alijua kila neno na hakuweza kuimba hata moja.

Jumapili baada ya kanisa alienda Parklands bila kuitwa. Askari alipiga simu juu, akangoja, akamwonyesha ngazi.

Mama Ivyne alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, miguu imevimba kwa safari, ameketi chini ya ile picha. Virginia akapiga magoti, akamweleza yote tangu mwanzo, bila kujipunguzia.

"Namalwa alinionyesha video ya jana, ukiongea na ule umati," mama akasema. "Mwanangu, wewe ulinichukulia kitu. Nilitaka nishikwe na mtoto wangu wakati naambiwa. Sikupata." Akapapasa goti lake. "Lakini kwenye lile basi watu walinishika. Sikumjua hata mmoja. Dereva alisimamisha gari kando ya barabara, na wanawake wakaimba nyimbo za Ivyne mpaka nikaweza kupumua. Sikujua kwamba watu wanazijua hivyo. Yeye hakuwa mtu wa kujisifu nyumbani."

Hakusema amemsamehe. Virginia hakuuliza.

Wageni waliendelea kuingia, na nyumba ilikuwa ndogo. Mmoja wa wanawake waliokuwa wakimenya viazi Alhamisi akamtambua Virginia, akamtazama kwa muda usio mfupi, kisha akamkabidhi sinia la chai. Akaizungusha. Alimhudumia kila mtu, wazee kwanza, akizoa vikombe vitupu na kurudi navyo jikoni. Namalwa alimpita mara tatu kwenye korido bila kumwangalia.

Mara ya nne alisimama, macho yake yakiwa kwenye sinia.

"Vikombe havitoshi," akasema. "Uliza nyumba ya pili, mlango wa kijani. Waambie ni Namalwa amekutuma."

Virginia akaweka sinia chini na kwenda kugonga.